Boksi la Chini ya Meza

Moza shoga angu, naandika kwa mkono mmoja. Cheka tu, nishazoea.

Jana si nilikwenda ile semina ya Gombani? Tukaambiwa kiongozi wa kweli huwasaidia anaowaongoza. Mimi na umeneja wangu mpya nikajiona nimefika!

Leo kiwandani nimejifunga kanga kiunoni: "Jamani, leo nakusaidieni." Mama zima nikaushika mfuniko wa tangi linalochemsha makonyo, vile vijiti vya karafuu, kutoa mafuta. Kwa mkono mtupu!

Ukelele niliopiga, wallahi, hadi kule Msuka wameusikia. Bi Khairat kaacha tangi lake kaja kunimwagia maji. Wenzake nao wakaacha kazi. Msaidizi ndo nasaidiwa!

Nami bado nina mdomo: "Kwani nyinyi mnashikaje bila ya glavu?"

Bi Khairat, taratibu: "Ndizo tulizokuomba, Bi Meneja."

"Si hazijaletwa!"

"Zimeletwa. Zi ofisini kwako, twangoja utoe."

Ofisini kwangu, Moza. Kwangu!

Nimekwenda kutizama. Lile boksi ninalowekea miguu nikinywa chai.

Nimewagawia mwenyewe, mmoja mmoja. Kwa mkono huu uliobaki.