Chungu cha Yohana

Kasulu, Jumanne

Mdomo bado unavuja damu. Ni ngumi ya Yohana, mdogo wangu.

Baba alipokufa kwa saratani ya utumbo mpana, daktari alituonya sisi wanawe tupimwe mapema. Mimi nilipimwa utumbo kwa kamera. Yohana ana miaka thelathini na moja, anaona damu chooni, lakini anadai ni bawasiri tu, anakunywa mizizi anayoichemsha chunguni.

Leo nilikivunja chungu chake kwa teke. Akanirukia, akanipiga ngumi ya mdomo, akanikaba shingo ukutani.

"Kaka, kuingizwa kamera matakoni ni mambo ya wazee!"

"Baba alikufa akiwa na miaka arobaini. Alikuwa mzee?"

Mikono ikalegea. Akakaa chini, kwenye vipande vya chungu, akalia.

Kesho tunakwenda hospitali. Amekubali, lakini kamba nimeshaiweka kwenye pikipiki. Akigeuka, nitamfunga.