Tulipomzika Doto, Kulwa akauliza

Jumatano jioni, Igoma. Mvua imekatika lakini bati bado linadondosha maji. Nina udongo mweusi kwenye kucha na sina hamu ya kuutoa.

Leo tumemzika Doto. Ibada nimeongoza mimi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, na tangu mwaka jana niko kwenye mafunzo ya uongozi ya kanisa letu. Si mafunzo ya kukaa na kuandika. Mchungaji Lameck, anayetufundisha, anatusomea Neno kidogo, tunaomba, halafu anatutuma. Mmoja akamtazame mgonjwa, mwingine akaongoze kikao cha akina mama, mwingine akapatanishe ndugu waliogombania mpaka wa shamba. Tukirudi tunakaa naye kwenye benchi, kila mtu anasema alichofanya na kilichomshinda. Yeye husema hakuna aliyejua jembe kwa kusimuliwa.

Nilikuwa naupenda sana utaratibu huo. Mpaka jana.

Mimi nilipangiwa Usagara, kufundisha shule ya Jumapili. Ndiko nilikowakuta Kulwa na Doto, mapacha wa kike wa miaka sita, watoto wa mama mmoja anayeuza dagaa pale njia panda. Ukimuuliza Doto swali, Kulwa ndiye anayejibu, na Doto anacheka kana kwamba amejibu yeye. Wiki iliyopita Doto alishikwa na homa. Walimkimbiza hospitali. Jumatatu asubuhi nikapigiwa simu nikiwa kwenye cherehani, na sindano ikabaki imesimama katikati ya gauni la mtu.

Jana pale msibani Mchungaji aliniita pembeni ya turubai.

"Rehema, kesho utaongoza wewe."

"Huyu siwezi, Mchungaji. Nipe msiba mwingine."

"Mama yake anakujua wewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Nilimkasirikia. Acha niseme kama ilivyo: niliona Doto amegeuzwa somo langu. Nilirudi nyumbani nikaandaa mahubiri huku nimenuna. Niliandika kuhusu bustani, na ua ambalo mwenye bustani amelichuma mapema kwa sababu ni zuri kuliko yote. Nilipoyasoma mwenyewe nililia, nikadhani basi ni mazuri.

Leo asubuhi nilimsalimu Mama Kulwa, nikainama kumpa pole. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Mwalimu, nakuomba kitu kimoja. Usiwaambie watu kwamba Mungu amempenda zaidi. Na mimi nilimpenda."

Nikasema sawa, mama. Karatasi yangu haikutoka tena kwenye Biblia.

Tulimzika kwenye shamba la babu yake, upande wa kwenda Kigongo, mahali ambapo ziwa linaonekana kama mstari tu. Vijana walikuwa wamechimba wakakuta jiwe, wakasogea hatua chache, wakaanza upya kwenye mvua. Jeneza lilibebwa na baba yake peke yake. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Sengerema anakofanya kazi, na watu walipomsogelea kumsaidia alitikisa kichwa.

Nilisoma zaburi. Sauti ilikubali. Tukaimba, nikachukua udongo, nikaurusha, nikasema maneno yanayosemwa.

Ndipo Kulwa alipochomoka kwenye mkono wa bibi yake, akaja kunivuta sketi.

"Mwalimu, Doto anatoka lini?"

Wimbo ukafa. Niligeuka nyuma kumtafuta Mchungaji. Alikuwepo, kama alivyoahidi. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakusogea.

Nikachuchumaa kwenye tope. "Hatoki, Kulwa."

"Hata kesho?"

"Hata kesho, mama. Doto amekufa. Mwili wake unabaki hapa. Yeye yuko kwa Yesu, na sisi tutakaa muda mrefu bila yeye."

Akafikiri. "Sasa mimi nitalala na nani?"

Nililia pale pale, mbele ya watu, kiongozi wa ibada, magoti yakiwa kwenye tope. Akina mama wakaanzisha pambio lingine. Sikumbuki nani alifunga kwa sala. Naambiwa ni mimi.

Baadaye mzee mmoja wa kanisa alinijia, akaniambia kwa upole kwamba mtoto haambiwi hivyo. Anaambiwa mwenzake amelala, au amesafiri, mpaka akue. Nikamjibu, nimekusikia, mzee.

Huenda yuko sahihi. Hilo ndilo linalonisumbua tangu mchana. Je, nilimwambia Kulwa ukweli kwa ajili yake, au ni kwa sababu uongo haukunijia haraka?

Tuliporudi Usagara, nyumbani kwao Kulwa, Mchungaji alikaa nami kwenye benchi la msibani. Nilingoja aniulize kama kawaida yake, nimefanya nini, nimeshindwa wapi. Hakuuliza. Mwishowe mimi ndiye niliyemuuliza kwa nini hakuja mbele, ilhali aliniona nikimtafuta.

"Ningekuja, ningemdanganya yule mtoto," alisema.

Miaka yote hiyo ya uchungaji, na tulikaa pale kama watu wawili waliopotea njia.

Nilipoingia ndani kuaga, nikamkuta Kulwa amelala mkekani, amejibana ukutani, upande mwingine wa mkeka ameuacha wazi. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni. Aliutazama ule upande, akanitazama.

"Akiamka asijikute peke yake," alisema. "Mimi siwezi kulala hapo. Bado."

Nikavua viatu, nikajinyoosha pale. Mkeka ulikuwa na harufu ya dagaa na mafuta ya nazi. Kulwa aliamka baada ya muda, akanitazama usoni, akaona ni mimi. Akanigeuzia mgongo, akalala tena.

Sijui kama huko ndiko kuongoza. Hakuna mtu aliyenifuata popote leo. Nililala tu upande wa marehemu, nikasikiliza watu wakiosha masufuria nje.

Kuna gauni la mteja linaningoja mezani, na mwenyewe ataudhika. Aniwie radhi. Kesho narudi Usagara.

Safari hii sijatumwa na mtu.