Mita Kumi na Nne Kuelekea Mashariki

Kawajense, Mpanda
12 Mei 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mama aliniambia wiki iliyopita kwamba siku hizi unainama bila kushika kiuno, nikashukuru sana. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu ukinisemesha kwenye simu kwa ile sauti yako ya upole, nitashindwa kumaliza. Anayekuletea barua hii ni Deusdedit wa dukani, na hajui kilichomo.

Baba, tangu kile kikao cha Kabungu cha kusoma ramani ya mashamba tuliyoichora kwa simu, sijapata usingizi mzuri. Mama Theopista alisimama akasema ramani yetu imeuvuka mstari wa mikonge aliyopanda marehemu mume wake, na kwamba shamba lako limekula kipande chake cha mpunga. Wewe ukajibu kwa utulivu kwamba hukusogeza chochote, ni simu ndiyo iliyosogeza, maana picha kubwa ikibanwa kwenye kioo kidogo vitu huhama. Nilikuamini. Nilikagua palepale mbele ya watu hesabu niliyoiandikia ile simu, nikakuta kweli ina kosa, nikaomba radhi huku nalia. Ukaniwekea mkono begani ukasema umenisamehe, mtoto hujifunza. Kesho yake msimamizi wangu, Gaspar, aliniondoa kwenye kazi ya vijijini. Alisema nikae ofisini nirekebishe nilichoharibu.

Nilirekebisha kwa siku tatu. Acha nikueleze, baba, maana wewe ndiye uliyenifundisha hesabu za mafungu kwa punje za mahindi. Picha ya shamba iliyopigwa kutoka angani ina nukta elfu nne kwa upana na elfu tatu kwa kimo. Kwenye simu ina nafasi ya mia tatu na sitini kwa mia nne tu. Simu inaipunguza mpaka upana uenee wote, na kwa kuwa haitaki kuivuta ikapotea sura, kimo kinakuwa mia mbili na sabini. Zinabaki mia moja na thelathini zisizo na picha: sitini na tano juu, sitini na tano chini, weupe mtupu. Mimi nilisahau kuutoa ule weupe wa juu kwenye hesabu. Kwa hiyo kila mtu alipogusa kwenye picha pembe ya shamba lake, alama iliandikwa chini zaidi, na mashamba yote tisa yakateremka kusini kwa mita sabini na kitu. La mzee Rafaeli liliingia mtoni. Hilo lilikuwa kosa langu, na nalikubali mpaka leo.

Nilipoutoa ule weupe, mashamba yote yalipanda yakakaa mahali pake. La Rafaeli lilitoka mtoni. La Mama Theopista likakaa sawasawa kwenye matuta yake. Lako pia lilipanda, lakini bado lilikuwa limeivuka mikonge kwa mita kumi na nne, kuelekea mashariki.

Nilirudia hesabu mara nne kabla sijaelewa. Upana ulienea kioo chote, baba. Pembeni hapakuwa na weupe wowote. Kosa langu liliweza kushusha shamba, lakini halikuweza kulipeleka mashariki hata hatua moja.

Ndipo nikafungua kumbukumbu za simu. Inatunza kila alama, hata iliyofutwa. Siku ile ya kuchora, saa tatu na dakika kumi asubuhi, uligusa pembe zako mbili za upande wa Mama Theopista, penyewe kwenye mikonge, bila kukosea. Kisha ukanituma nyumbani nikakuletee maji ya kunywa. Dakika saba baadaye ulizifuta zote mbili ukaziweka ng'ambo ya mikonge. Nilikuwa jikoni nasuuza kikombe chako.

Kinachoniuma si mpunga. Ulijua tangu mwanzo, ukaniacha nilie mbele ya kijiji kwa jambo ulilolifanya wewe, halafu ukanisamehe. Mkono ule begani nausikia mpaka sasa.

Sasa nikwambie nililofanya, usije ukalisikia kwa wengine. Ijumaa nilimweleza Gaspar yote na kumwonyesha zile alama ulizozifuta. Ramani itakayosomwa kwenye kikao cha Alhamisi ina mpaka wako wa kwanza, ule wa kwenye mikonge. Jumamosi nilikuja Kabungu, nikamweleza Mama Theopista, kisha nikarudi mjini bila kupita nyumbani. Nilipomaliza kumweleza, aliniuliza kama wewe unajua kwamba niko kwake.

Nimemwomba Gaspar akupe nafasi uzungumze kabla ramani haijasomwa. Ukisema mwenyewe kwamba ulisogeza, nitanyamaza, na watu watasikia kutoka kwako tu. Ukirudia kwamba ni simu, nitasimama nieleze hesabu yote tena, polepole, mpaka kila mtu aielewe.

Nisalimie mama, na umwambie dawa alizoagiza nimezipata. Msalimie mdogo wangu Anselmo pia, na umtie moyo wa kusoma. Nitafika Jumatano jioni. Usinitengee kitanda; nitalala kwa Mama Theopista.

Ni mimi mwanao,
Odeta