Mpenzi Wangu Anataka Kuwa Baba Yangu

Mshauri wangu, nisaidie kabla jaji hajanifanya mtoto wa mtu.

Nina miaka sabini na mitatu, naishi hapa Pittsburgh na mwenzangu Lester, ambaye nimemzidi miaka mitano, tumelala kitanda kimoja tangu enzi za viwanda vya chuma, nyumba ina jina lake ingawa paa nimeezeka mimi na jiko nimejenga mimi, sasa moyo wake umeanza kumsumbua tukaenda kwa wakili kuandika wosia, naye akatuambia kwamba Lester akifa, mimi mbele ya jimbo letu la Pennsylvania ni mpita njia tu, nitatozwa kodi ya urithi asilimia kumi na tano, na kwa pensheni yangu itabidi niuze nyumba ili niilipie nyumba. Mke halipi kitu, lakini sisi, wanaume wawili, haturuhusiwi kuoana. Mtoto analipa nne na nusu, basi wakili akasema, "Wazee wangu, dawa ipo. Lester amwasili Tadek, awe mwanawe." Nikadhani utani, kumbe wenzetu kadhaa wameshafanya hivyo, na Lester amefurahi mno, Ijumaa mbele ya wageni akaniambia, "Mwanangu, maliza kabichi ndipo upate keki," wote wakacheka, nami nikacheka, halafu nikaenda chooni nikalia. Mahakamani ni mwezi ujao, na nikikataa ataona namkataa yeye. Nifanyeje?

Tadek

Tadek, pole sana. Sasa nikugombeze. Miaka yote hiyo kitanda kimoja, na hati ya nyumba bado ina jina moja? Mlikuwa mnangoja posa?

Jimbo letu lina vituko, sikatai. Mlevi akioa Jumamosi akafa Jumatatu, mjane wake halipi hata senti. Wewe unayemkatia mtu kucha na kumpimia dawa unatozwa kama umeingilia dirishani. Lakini kuasiliwa hakufutiki ukichoka. New York wenzetu wanaoana tangu Julai mwaka huu wa 2011. Zamu yetu ikifika, utamwambia nini karani? "Naomba kufunga ndoa na baba"? Atakuitia polisi!

Futeni hiyo tarehe ya mahakama. Wiki hii mkaandike hati upya, majina mawili. Mwaka ukishapita, kodi itagusa nusu tu ya nyumba. Bima ya maisha ya Lester nayo iandikwe jina lako, maana hiyo haikatwi kodi ya urithi. Nusu itauma, najua, ila nyumba huiuzi.

Kisha mwambie Lester kwamba ulilia. Anachekesha wageni kwa sababu anaogopa kufa akakuacha barabarani, na wewe unacheka naye badala ya kumshika mkono. Kabichi amalize mwenyewe.

Na siku ndoa itakapofika Pittsburgh, iwakute bado wachumba.