Msalaba wa Baba Juu ya Paa

Chumba cha Kushonea,
Hospitali ya Mjini,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko ugenini? Mgongo je, umeacha kukusumbua? Sisi wazima, ila Mama bado amelazwa hapa, wodi ya juu, kitanda cha dirishani. Miguu ndiyo migonjwa. Mdomo haujambo kabisa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wewe uliyesomea sheria za vita mpaka macho yakadai miwani, leo ndiwe wa kuniandikia kwamba hazina meno? Nilinuna siku nzima.

Unakumbuka vita vya utotoni mwetu? Baba, fundi cherehani wa hospitali hii, alitandika shuka nyeupe humu humu sakafuni, akazishonea msalaba mwekundu wa kutandazwa juu ya paa, ile alama ambayo sheria inakataza kuipiga. Wewe ulishika ncha, mimi nikawa nampa pini. Ukasinzia, ukavuta, mkono mmoja wa msalaba ukapinda. Nikajua leo utachapwa, kumbe Baba akacheka mpaka akakohoa. Siku zile jamani! Natamani hata kelele za cherehani yake.

Ndege ilipita mara mbili, ikaenda zake. Hatukujua kama rubani aliuona au aliishiwa mabomu. Ulipomuuliza Baba basi msalaba ni wa nini, alikata uzi kwa meno kwanza.

"Mwenzio unamwambia mapema. Akitupiga, asije akasema hakujua."

Sasa vita vimerudi, viko nyuma ya kilima. Juzi mganga mkuu alituita wafanyakazi sote tushauriane kama tuitandaze tena ile alama. Wengine wakasema siku hizi alama hiyo ni kumwonyesha adui pa kulenga. Niliogopa, sikufichi, maana Mama yuko chini ya paa lile lile. Lakini ni yeye aliyenituma sandukuni nikautoe msalaba wa Baba.

"Katandazeni. Mbio sina, na kujificha sijazoea."

Nimeziba matundu ya panya. Ule mkono uliopinda nilitaka kuunyoosha, nikashika mkasi, nikashindwa. Jana tumeupandisha na kuufunga kwa kamba.

Msalimie wifi, na wanao waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakuombea kila asubuhi kabla hajaanza kuwagombeza wauguzi. Mungu akuweke.

Na likitokea la kutokea, Kaka, usiwaambie watu huko kwamba sheria haina meno. Waambie waliotupiga tuliwaonyesha. Waambie walijua.

Mdogo wako akupendaye hata akikununia,
Pini