Mvua ya Saa Tisa Karakanani

Baba yangu, poleni na jua la Kitui.

Sisi wa kampasi ya huko tumeletwa kampasi kuu, hapa Kakamega. Leo tumefundishwa katika ile karakana wewe na wenzako mliyoijenga wenyewe mkiwa wanafunzi, wakati chuo kikuu hiki kilikuwa bado chuo cha ufundi. Saa tisa mvua ikapiga mabati kwa kishindo, profesa akaweka chaki chini. “Ngojeni kidogo,” akasema. “Saa hii mvua ndiyo inafundishanga.” Nikainua macho, nikaona vyuma ulivyochomelea vimebeba paa lote. Wewe husema chuo kikuu hukufika. Baba, tulikuwa mamia mle ndani, na hakuna aliyedondokewa hata na tone.

Msalimie Mama. Mungu awaletee mvua kama hii.

Mwanao Mwende, niliyekaa mkavu chini ya kazi yako.