Muujiza Wako Ulikuwa na Pembe

Segese,
Alhamisi.

Kwa mdogo wangu Luka,

Kwanza kabisa, marahaba. Najua hujaniamkia, na kwa jinsi ulivyonifungia simu yako tangu tugombane sidhani utaniamkia karibuni. Lakini mimi ndiye niliyetangulia kutoka tumboni mwa mama, kwa hiyo marahaba yangu naichukua mwenyewe. Habari za makambi ya kanisa lenu? Habari za Maganzo na vumbi lake? Kile kikohozi chako kimepungua, au bado mnakemea pepo badala ya kwenda zahanati? Mimi ni mzima, kwa kadiri mzee asiyesali Jumamosi anavyoweza kuwa mzima. Goti linauma. Meno yaliyobaki yanatosha kwa nyama laini. Ng'ombe wako hawajambo. Watoto wako ninao hapa kwangu, wanakula vizuri, na kila jioni wananiuliza mama yao atarudi lini. Nimewaambia swali hilo ni la baba yao.

Barua hii nimempa Nuruddin wa dukani, anakuja huko kesho na marobota yake ya mitumba. Amesema ataswali Ijumaa hapo Maganzo kwanza ndipo akutafute. Hata yeye ana siku yake, ila yake huisha kabla chakula cha mchana hakijapoa, na duka linafunguliwa tena. Huwa namwambia kwamba katika dini zote za hapa kijijini, yake ndiyo iliyompatia Mungu saa ya kufaa.

Sasa sikiliza. Nimesikia Jumamosi hii wewe ndiye mtoa ushuhuda mkuu. Utasimama mbele ya Kanisa la Siku Halisi lote, waliotoka Kahama na Geita na kwingineko, uwaeleze jinsi kijiji kilivyokutenga kwa kuitunza Jumamosi, na jinsi Mungu alivyoilainisha mioyo ya watu bila wewe kutoa hata unyoya wa kuku. Habari hiyo naijua, maana spika la kanisa lenu mmelielekeza dirishani kwangu. Kila wiki inanenepa. Mwanzoni mtemi Magesa alikusalimia tu. Wiki iliyofuata alikushika mkono. Majuzi nasikia alilia. Magesa, Luka! Mtu aliyemzika baba yake akiwa anatafuna muwa! Kwa hiyo kabla hujasimama, soma hii yangu. Ni nyembamba kuliko yako, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi, tumemaliza kuvuna mpunga. Mwano ukapigwa kule bondeni: wezi wameswaga ng'ombe wa mjane Limi. Sheria umekua nayo. Likisikika yowe hilo kila mwanaume anatoka, mwenye rungu na rungu lake, mwenye upinde na upinde wake. Hata mimi nilitoka na goti langu, nikafika kisimani, nikakaa. Ninyi mlikuwa kanisani. Wenzako wawili waliinuka, ukawaambia waketi, kwamba kukimbiza ng'ombe ni kazi na leo kazi haifanywi. Mkafunga madirisha mkaendelea kuimba, tena kwa sauti zote nne. Watu walirudi jioni na ng'ombe wa mjane, miguu imechanwa na miiba, wakapita mbele ya kanisa lenu mkiwa bado mnaomba kuondolewa mizigo.

Magesa ndiye mtemi wa sungusungu, na hakukupigia kelele. Alikuuliza mbele ya wazee kama ng'ombe wangekuwa wako ungeimba. Ukajibu kwamba ungeimba zaidi. Hapo sisi tulicheka, ila yeye hakucheka. Akasema faini ni ng'ombe mmoja, achinjwe, aliwe na waliowakimbiza wezi. Ukasema hutoi, kwa sababu kutoa ni kukiri kwamba kuishika siku ya Bwana ni kosa. Basi ukatengwa. Hakuna kukusalimia, hakuna kukuuzia chumvi, hakuna kukusagia mahindi, na mvua za kwanza zikikukuta hujatoa, utahama wewe na nyumba yako yote. Mimi nilikuwa napita kwako nakutukana tu, maana sheria ilikataza salamu, haikutaja matusi.

Wewe ulikaa ndani na vitabu vyako ukiteseka kwa ajili ya imani. Aliyeteseka kwa miguu ni mkeo. Sesilia ndiye aliyebeba debe la mahindi kichwani mpaka mashine ya kijiji cha pili. Akifika kisimani wanawake wanaziondoa ndoo zao kama amekuja na ukoma. Alipougua Vumilia homa, hakuna aliyekuja kumjulia hali mtoto. Hayo kwenye ushuhuda wako siyasikii. Labda spika linakatika hapo.

Sasa tuje kwenye hiyo siku yenyewe. Mimi niliishia darasa la tatu na padre wa Ushirombo alinibatiza nikiwa nimesinzia, kwa hiyo sikuzidi kwa maandiko. Lakini nina maswali. Wewe unasema amri imeandikwa kwenye jiwe, kwamba siku ya saba apumzike mtu na mnyama wake. Sawa. Maziwa ya Jumamosi unayanywa. Anayekamua ni nani, malaika? Tena huyo Mungu alipumzika baada ya kazi ya siku sita. Wewe, mdogo wangu, tangu nikufahamu hujawahi kufanya kazi siku sita mfululizo. Hata siku tatu nina shaka. Sasa huwa unapumzika kutoka wapi? Na Yesu mwenyewe, jinsi nilivyosikia, alikuwa akiichagua siku hiyohiyo kuponya viwete, kama vile anawachokoza wakubwa. Sijasikia mahali alipomfukuza mtu kwa sababu ya Jumamosi. Sijasikia pia mahali alipowapa wafuasi wake kalenda.

Usidhani nimekaa upande wa Jumapili. Katekista wetu Stanslaus anatukataza tusishike jembe Jumapili, eti ni siku ya ufufuko, na wakati anasema hayo karasha lake linasaga mawe ya dhahabu nyuma ya kigango kwa kishindo mpaka kwaya haisikiki. Nilimuuliza. Akanijibu kwamba vijana wanaoliendesha ni wapagani, kwa hiyo hakuna anayetenda dhambi. Nikamwambia basi na mimi nitafutie mpagani wa kunilimia. Tangu hapo tunaangaliana tu. Ninyi wa Jumamosi na wale wa Jumapili mnafanana kama masikio ya punda mmoja. Kila mmoja ana siku ya kumtazama jirani anafanya nini.

Turudi kwako. Jumatatu moja Magesa akapita uani kwako akakuamkia kama zamani. Mchana mashine ikakusagia. Jioni Nuruddin akakuuzia sukari na kukuuliza habari za nyumbani. Ukapiga magoti hapohapo barazani, vumbi lote lile, ukalia kwa furaha. Hukumuuliza mtu hata mmoja imekuwaje. Mtu mwingine angeuliza, Luka. Wewe ulishajua.

Na ndani ya wiki chache ukawa mtu mkubwa kanisani. Ndipo yule shemasi wenu Donatus akaja kukunong'oneza kwamba siku za kutengwa alimwona Mama Vumilia Jumamosi kule kwenye karasha, anawapakulia wachimbaji wali na maharage, wakati wewe alikuaga anakwenda kutazama wagonjwa. Sijasikia mkimuuliza Donatus mwenyewe alifuata nini karashani siku hiyo. Nadhani alikuwa anatazama wagonjwa naye. Wewe ukamsimamisha mkeo mbele ya kanisa, ukamwita mwizi wa siku ya Mungu, ukasema mtu kama huyo ndiye anayeweza kuuharibu muujiza uliotendeka. Ukampa nauli ya kwenda kwao Ushirombo na mfuko mmoja wa nguo. Mimi nilikuwa nje nimeegemea ukuta wenu, nikisubiri ajibu. Akatoka, akanipita, akanitazama kwa namna ya kunikumbusha jambo, akaenda zake.

Siku ileile nilikuja kwako tukatukanana, na wewe ukanifungia simu. Ulidhani nakutukana kwa hasira za mzee. Hapana. Nilikuwa nakutukana kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa kiapo, na matusi ndiyo yaliyokuwa yanaweza kupenya.

Leo nakivunja. Muujiza wako ulikuwa na pembe, Luka. Alikuwa dume mwekundu mwenye baka jeupe usoni, nami ndiye niliyemchagua mnadani na kumswaga mpaka kwa Magesa kabla watu hawajaamka. Faini yako ililipwa. Alichinjwa Jumapili kule bondeni. Stanslaus alifupisha ibada ili awahi maini, na hakuyapata, nilikuwa nimeshayala. Moshi uliuona. Ukawaambia watoto kwamba wapagani wanafanya sherehe zao.

Usianze kunishukuru, wala kunilaani. Dume hakuwa wangu. Mimi ningekuacha uhame, nakuambia kweli, niangalie Kahama itakufanya nini. Aliyemnunua ni Sesilia. Na fedha aliitoa wapi, wewe unajua siku ambayo wachimbaji wanasaga mawe yao na kushika chochote mfukoni. Kila Jumamosi uliyokuwa umefunga dirisha na kuimba, yeye alikuwa ameinama kwenye mafiga kule karashani, macho yamejaa moshi, akikununulia ruhusa ya kubaki kwenye nyumba yako. Wachimbaji wengi ni wa kutoka mbali, sheria ya kutengwa haikuwahusu, ndiyo maana walikula kwake. Alinipa ile fedha imefungwa kwenye khanga, akaniapisha kwa kaburi la mama kwamba hutajua, kwa sababu ukijua utakwenda kwa Magesa kumwambia hukutoa wewe, na mtafukuzwa tena. Magesa akakubali, akawaonya watu wote wanyamaze.

Na wamenyamaza. Kijiji kizima kinajua. Ukianza ushuhuda wako kwenye spika, watu wanatoka nje na viti. Mjane Limi anasema hajawahi kucheka hivyo tangu mumewe afe. Hilo unisamehe, nilipaswa kukuficha, ila nimeona vibaya uende ukalirudie mbele ya watu wa mikoa miwili.

Juzi nilikwenda Ushirombo. Nimemkuta kwa baba yake anamenya karanga, amekonda, kanipikia vizuri. Sikumwambia kwamba nitakuandikia. Nilimuuliza tu kama ukija atarudi. Aliendelea kumenya karanga zake. Kisha akasema shemeji, akija, aje Jumamosi. Nikamuuliza kwa nini Jumamosi. Akasema kwamba siku nyingine zote Luka huwa hana kazi, akija siku hizo atakuwa amekuja kutembea tu. Akija Jumamosi, alisema, nitajua amenifuata mimi. Akaongeza kwamba habari ya dume usiambiwe kabisa. Anataka uje kwa sababu yeye ni mkeo, siyo kwa sababu anakudai.

Mimi nimekuambia, kwa sababu yeye anakufikiria kama mume na mimi nakufikiria kama Luka. Bila yule dume usingeinuka hapo ulipo. Ungekwenda Jumapili, umechana nywele, umebeba Biblia, umsamehe.

Basi Jumamosi ni keshokutwa. Wakati wenzako wanapanga viti wakusikilize, panda gari la Kahama, na Kahama yapo mengi ya Ushirombo. Ukifika kwa mkweo mwamkie kwa magoti, mzee yule ana hasira na ana haki. Mkeo mwombe radhi kwa lile la kanisani na lile tu. Habari ya dume jifanye huijui. Kuigiza unaweza, nimekusikia ukihubiri. Mwache akuone umevunja siku yako kwa ajili yake bila kujua kitu, akae na furaha hiyo mpaka azeeke. Siri hiyo utaibeba wewe sasa, mimi nimeichoka.

Na ukiona huwezi, ukaona bora Jumapili ili uwe salama pande zote mbili, usishuke kwenye gari. Pitiliza mpaka Rwanda.

Nisalimie mchungaji wenu na wote wanaopumzika hapo pamoja nawe. Nisalimie pia Donatus, mwambie karashani wanamuulizia. Watoto wanakuamkia, Vumilia ameng'oka jino. Mimi nipo, natafuna taratibu.

Ni mimi kaka yako, ambaye hakuna siku ninayokuacha salama,

Marcel Ngassa.